Dawa ya Dubu Mpakani: Kutoka Glacier Kwenda Waterton

Dawa ya kufukuzia dubu ni pilipili, ukali uleule unaokutoa machozi kwenye kachumbari, ila imeshindiliwa ndani ya kopo kwa gesi. Hifadhi ya Glacier iko Montana, Marekani. Waterton Lakes iko Alberta, Kanada. Zimepakana, na tangu 1932 zinahesabiwa kuwa hifadhi moja ya amani. Kuingia msitu wa huko bila kopo kiunoni ni kujitafutia balaa.

Tabu huanza kwenye gari, mkiwa foleni mpakani. Kwa Kanada, pilipili ya kupulizia watu ni silaha iliyopigwa marufuku. Wakiikuta wanaichukua, na kesi unaweza kuipata. Ya dubu inapita, mradi lebo iseme waziwazi kuwa ni ya wanyama. Basi ligeuze kopo ulisome kabla hujalipa. Picha ya dubu anayekenua meno isikudanganye, tafuta maneno yenyewe. Kopo la Marekani liwe pia na namba ya usajili inayotanguliwa na herufi EPA. Lebo iliyochanika au kopo lisilo na lebo, liache.

Afisa akiuliza kama una silaha, usimjibu “hapana” ukanyamaza. Mwambie: nina dawa ya dubu, iko nyuma kwenye buti. Akitaka kuiona, mwache aitoe mwenyewe au akuelekeze. Na ule utani wa “hata kibaka nitampulizia” uache nyumbani, kwa sababu kinachoangaliwa pale ni lebo pamoja na nia yako.

Kwa ndege usijisumbue. Nchi zote mbili zinalikataa kopo hilo, begi la mkononi na hata mzigo wa chini. Ndiyo maana naona heri kununua upande ule utakaotembea, Kalispell au Calgary, na siku ya kuondoka umwachie msafiri anayeingia. Usilisahau kwenye gari juani, maana joto hulipasua.

Na ukishavuka, lisikae ndani ya begi. Dubu akitokea, una mita saba au nane tu za kulitumia, na kile kipande cha plastiki kinachozuia kibonyezo lazima ukiwahi kwa kidole gumba. Jaribu kukichomoa na kukirudisha mara kadhaa ukiwa kambini, bila kubonyeza.

Kituo cha mpakani cha Chief Mountain, kilicho karibu zaidi na hifadhi hizo, hufungwa majira ya baridi. Miezi hiyo pita kituo cha Coutts, kiko wazi usiku na mchana.