Jina la Mfua Chuma

Katika Uingereza hakuna jina la ukoo lichukuliwalo na watu wengi kuliko jina la Smith. Huko wako zaidi ya nusu milioni waitwao hivyo; na katika Marekani, watu walipohesabiwa mwaka 2010, walionekana akina Smith 2,442,977, wakawashinda kwa wingi wenye majina mengine yote. Jina hili lachukuliwa na matajiri na maskini, askari na walimu, weupe na weusi. Mtu asiyejua habari zake angeweza kudhani ya kuwa hao wote ni ukoo mmoja, wana wa babu mmoja aliyezaa kupita kiasi. Lakini sivyo. Hawana babu mmoja. Bali babu za wengi wao walifanya kazi moja, na babu za wengine hata kazi hiyo hawakuifanya. Habari zenyewe ni hizi.

Zamani, kabla ya mwaka 1066, Mwingereza alikuwa na jina moja tu, kama vile Godwin au Wulfstan. Majina ya namna ile yalikuwa mengi, na kwa hiyo watu hawakuchanganyika sana. Katika mwaka ule William, mtawala wa Normandy katika nchi ya Ufaransa, alivuka bahari na jeshi lake, akawashinda Waingereza karibu na mji wa Hastings, akawa mfalme wao. Wageni wale walikuja na majina yao, William na Robert na Richard. Na majina ya watakatifu, kama John na Thomas, yakaenea pia. Muda si muda watu wakayaacha majina yao ya kale, wakawaita watoto wao kwa majina ya wakubwa wapya. Ndipo ilipotokea taabu, maana majina yaliyopendwa yalikuwa machache, na watu walikuwa wengi.

Chukua mfano wa kijiji kimoja chenye John wanne. Mtu akisema, "John ameniibia kuku," ni John yupi? Basi majirani waliongeza neno la pili ili kumpambanua kila mmoja. John wa kwanza babaye aliitwa William. Akaitwa mwana wa William, yaani Williamson. John wa pili alikaa mlimani. Akaitwa Hill, na maana yake ni kilima. Wa tatu alikuwa mtu wa kimo kidogo. Akaitwa Short, yaani mfupi. Wa nne alikuwa na kibanda cha kazi kando ya njia, na tangu asubuhi hata jioni nyundo yake ilisikika. Huyu aliitwa Smith, maana katika Kiingereza, tangu kale hata leo, neno hilo ni fundi afuaye chuma au madini mengine. Baba, mahali, sifa ya mtu, na kazi: katika njia hizi nne yalitoka karibu majina yote ya koo za Waingereza. Mwanafunzi akikutana na jina la Baker, na ajue kwamba ni mwoka mikate. Taylor ni mshona nguo. Miller ni msaga nafaka. Johnson ni mwana wa John. Wood ni wa mwituni. Na Brown ni mtu wa rangi ya kahawia, kwa nywele au kwa uso.

Katika zama zile hapakuwa na mitambo ya kutengeneza vitu kwa maelfu. Kila kitu cha chuma kilitoka mikononi mwa mfua chuma: ncha ya plau, shoka, mundu, msumari, bawaba ya mlango, na viatu vya chuma vya farasi, na ilipotokea vita, mapanga na ncha za mishale. Aliwasha makaa, mivukuto ikauchochea moto, na chuma kikawa chekundu. Kisha alikishika kwa koleo, akakilaza juu ya fuawe, akakipiga kwa nyundo mpaka kikapata umbo alilolitaka. Mwanafunzi aliyepata kumwona mhunzi katika nchi za Afrika hahitaji kuelezwa zaidi, kwa kuwa kazi ni ile ile. Plau ya mkulima ilipovunjika wakati wa kulima, hakuweza kungoja. Akikosa kupanda kwa majira yake, wanawe wangeona njaa. Kwa hiyo hapakuwa na mlango uliobishwa mara nyingi kuliko mlango wa mfua chuma.

Wengine walikuwa na ufundi wa namna moja tu, na majina yao yakaonyesha ufundi huo. Afuaye dhahabu, yaani sonara, aliitwa Goldsmith. Afuaye ncha za mishale aliitwa Arrowsmith. Hata jina la Sixsmith, ambalo sasa lasikika kama neno la hesabu, asili yake ni mfua miundu. Na wako waliandikao jina la Smith kwa herufi nyingine, Smyth au Smythe, lakini maana ni moja.

Hapa liko jambo la kufikiriwa. Katika Uingereza ya kale watu wengi sana walikuwa wakulima, na wafua chuma walikuwa wachache. Mbona basi jina la kazi ya wachache limekuwa la watu wengi, na wakulima hawakuacha jina lililoenea vile? Sababu ni hii: jina la kuongezwa lilitakiwa kumpambanua mtu na wenziwe. Kumwita mtu "John mkulima" katika kijiji cha wakulima hakukusaidia neno, maana karibu kila John alilima. Lakini mfua chuma alikuwa mmoja tu katika kijiji, au wawili. Mtu akisema "John mfua chuma," wote walimjua mara moja. Na vijiji vilikuwa vingi. Mfalme William alipoamuru nchi yake iandikwe, makarani wake, katika mwaka 1086, waliandika mahali zaidi ya 13,000. Si kila mahali palikuwa na mfua chuma wake. Hata hivyo, popote alipopatikana mmoja, jina liliota, na wenye jina lile hawakujuana wala hawakuwa ndugu.

Mwanzoni jina la namna hii lilikuwa la mtu mwenyewe, halikurithiwa. Mwana wa Smith akiwa mwoka mikate, aliweza kuitwa Baker. Lakini mali na mashamba vilihitaji kuthibitishwa ni vya nani, na serikali ilitaka kujua ni nani aliyelipa kodi na nani hakulipa. Kwa miaka 1377, 1379 na 1381 Waingereza walitozwa kodi ya kichwa, na makarani wakaandika majina ya walipaji. Kodi ile iliwaudhi watu mno hata katika mwaka 1381 maelfu walikwenda London kwa ghasia. Kiongozi wao aliitwa Wat Tyler, na jina lake ni la kazi pia, maana yake ni mwezeka vigae. Aliuawa mahali paitwapo Smithfield. Lakini mwanafunzi asidanganyike na mlio wa jina: mahali pale hapakuitwa kwa ajili ya wafua chuma, bali asili ya jina ni uwanja ulio sawasawa. Si kila majina yafananayo yana asili moja.

Kufika karibu na mwaka 1400 koo nyingi za Waingereza zilikuwa na majina ya kurithi. Kisha katika mwaka 1538, chini ya Mfalme Henry wa Nane, kila parokia iliamriwa kuweka kitabu cha kuandikia wabatizwao, waoao na wazikwao. Tangu hapo jina likashikwa na wino. Mwana wa Smith aliweza kuwa mshona nguo, mjukuu wake baharia, na kitukuu chake mwalimu. Nyundo ilikwisha kutupwa, na moto ulikwisha kuzimika, lakini jina lilibaki.

Wala si Waingereza peke yao waliomheshimu fundi huyu kwa jina. Wajerumani wana Schmidt, Warusi wana Kuznetsov, Wapolandi wana Kowalski, na Wahungaria wana Kovács. Wafaransa wana Lefebvre, na Waitaliani wana Ferrari. Kwa Waarabu liko jina la Haddad. Mataifa haya yana lugha mbalimbali, na mengine yalipigana vita vikali. Walakini majina hayo yote yatokana na kazi ile ile ya mfua chuma.

Sasa ni vema kuwataja wale waliolipata jina la Smith kwa njia nyingine. Katika mwaka 1465 Waingereza waliokuwa wakitawala sehemu ya Ireland walitoa sheria ya kwamba Waairishi waliokaa katika sehemu ile wachukue majina ya Kiingereza, ya mji, au ya rangi, au ya ufundi, au ya kazi. Na jina la Smith lilitajwa katika sheria yenyewe. Asiyetii alitozwa mali yake. Baadaye koo nyingine za Ireland zilizoitwa Mac Gabhann, yaani wana wa mfua chuma, ziliandikwa Smith. Vivyo hivyo katika Marekani akina Schmidt wengi waligeuza jina lao kuwa Smith, hasa nchi ile ilipopigana na Wajerumani katika miaka ya 1917 na 1918, maana waliogopa kuchukiwa.

Tena wako Waafrika. Mmoja wao alizaliwa karibu na mwaka 1729 katika Afrika ya Magharibi, na jina lake la kwao lilikuwa Broteer. Alipokuwa bado mtoto, maadui walishambulia nchi yao, wakamwua baba yake, wakampeleka yeye pwani. Huko mtu wa merikebu alimnunua kwa galoni nne za pombe kali na kipande cha kitambaa. Akamwita Venture, yaani biashara ya kubahatisha, kwa kuwa alimnunua kwa mali yake mwenyewe akitumaini faida. Hivyo mtoto alipoteza jina alilopewa na baba yake, akapewa jina la bidhaa.

Venture alipelekwa Amerika ya Kaskazini, akakua huko, akawa mtu mkubwa wa mwili na mwenye nguvu nyingi. Aliuzwa kutoka bwana mmoja hata mwingine, na bwana wa mwisho aliitwa Oliver Smith. Huyu alikubali ajikomboe kwa fedha. Venture alifanya kazi na kuweka akiba, senti juu ya senti, na katika mwaka 1765 akawa huru, baada ya kulipa pauni 71 na shilingi 2. Akachukua jina la Smith. Wala hakustarehe kwa uhuru wake mwenyewe, kwa maana jamaa zake walikuwa bado watumwa. Alikata kuni, akavua samaki, akalima. Akawakomboa wanawe wawili, kisha mkewe Meg, kisha binti yake Hannah. Mwishowe alikuwa na shamba lake katika Connecticut. Mwaka 1798 masimulizi ya maisha yake yalipigwa chapa, naye akafa mwaka 1805. Juu ya kaburi lake liko jiwe lenye jina la Venture Smith.

Watumwa wengine wa Marekani walikomeshewa utumwa kwa sheria ya mwaka 1865, na wengi wao waliandikwa majina ya koo kwa mara ya kwanza. Wengine walichukua majina ya mabwana wao wa zamani, wengine walijichagulia, wengine walikuwa na majina yao tangu zamani, ila mabwana hawakuyaandika. Katika hesabu ile ya mwaka 2010, zaidi ya mmoja katika kila watano wenye jina la Smith nchini Marekani alikuwa mtu mweusi.

Basi jina hili moja limebeba mambo mengi: jasho la fundi wa kijijini, wino wa mtoza kodi, amri ya mshindi, hofu ya mgeni, na uvumilivu wa mtumwa. Anayesikia jina la mtu bado hajamjua mtu. Venture hakulirithi jina la Smith kwa babu yake, wala hakuwa mfua chuma. Lakini kwa kazi yake na kwa upendo wa jamaa yake alilijaza heshima, hata wajukuu wake hawakuona haya kulichukua. Jina hupewa mtu na wengine. Sifa yake huifua mwenyewe, kama chuma juu ya fuawe. Wahenga walisema, Jina jema hung'ara gizani.

Maswali

1. Taja njia nne ambazo Waingereza walipata majina ya koo, na kwa kila njia toa mfano mmoja.
2. Kwa nini jina la mfua chuma lilienea kuliko jina la mkulima?
3. Kodi ya kichwa ilisaidiaje majina yaandikwe?
4. Eleza kwa nini mtu aitwaye Smith huenda asiwe na babu aliyefua chuma.
5. Broteer alipewa jina la Venture kwa sababu gani? Alifanya nini hata jina lake likaheshimiwa?
6. Uliza wazee wa nyumbani maana ya jina la ukoo wako, uandike habari zake kwa maneno yasiyopungua mia.