Kosa la "wanyama wa porini": tafsiri ya kundi moja la mashindano ya picha

Rafiki yangu, mpiga picha wa ridhaa, aliniomba nimfasirie kanuni za shindano moja. Kundi mojawapo nililiita "wanyama wa porini". Akapeleka picha ya simba aliyoipiga katika bustani ya wanyama, picha nzuri kweli. Ikakataliwa. Kosa lilikuwa langu, tena ni la kisarufi.

Mwaka 2014 FIAP, Photographic Society of America na Royal Photographic Society walikubaliana juu ya fasili moja ya picha za maumbile. Ndani yake limo kundi dogo lenye sharti zaidi: kiumbe kiwe huru, bila kuzuiliwa, katika makao yake ya asili au makao kilikohamia na kuyazoea. Kwa hiyo simba wa bustani angeweza kuingia katika maumbile, mradi vyuma vya kizimba visionekane, lakini si katika kundi hili.

Tatizo la kwanza ni a-unganifu. "Simba wa porini" hutaja aina ya simba, si hali yake wakati wa picha. Afungwe miaka kumi, bado ni wa porini, kama samaki wa mtoni alivyo wa mtoni hata akiwa kikaangoni. Kirejeshi, kinyume chake, hutaja hali: "simba aliye huru" akifungwa, jina linamtoka.

"Porini" nalo linapotosha upande wa pili. Bundi aliyejenga kiota darini mwa ghala anakubaliwa, ingawa hayuko porini hata kidogo.

Na "wanyama"? Hapo ndipo nilipoona aibu zaidi, kwa kuwa kundi hili hupokea pia mimea na uyoga wa mwituni. Sisi wa Katanga, tunaongoja mvua ili tule uyoga, tungekuwa na picha nyingi za kupeleka.

Sasa nimeandika "viumbe vilivyo huru katika makao yao". Mwenzangu mmoja darasani anataka "viumbe walio huru", kwa sababu upatanisho wa viumbe hai ni wa ngeli ya kwanza na ya pili. Nimemkatalia: msomaji akikuta "walio" atafikiria wanyama tu, na uyoga utabaki nje tena. Hata hivyo "vilivyo" pamoja na "yao" sikioni mwangu bado havijakaa sawa.