Somo: Kupimwa Mzio kwa Plasta

Saruji huwasha mikono ya mafundi wetu wa mjengo Kibera. Rangi ya nywele huwasha akina dada wa saluni Kawangware. Ili kujua kiini, daktari wa ngozi hubandika mgongoni plasta zenye vitu vinavyoshukiwa. Hutolewa baada ya siku 2, na ngozi huangaliwa tena siku ya 4 hivi.

Mahali pakiwasha na kuvimba, tusishtuke: hilo ndilo jibu. Wachache hupata malengelenge, au ukurutu wa zamani huamka, au alama nyeusi hubaki miezi kadhaa. Usaha ukitoka, turudi kliniki mara moja.

Siku hizo mgongo usiguse maji. Tusibebe mtoto wala mtungi mgongoni. Jasho hung'oa plasta.

Swali la kikundi: Nani atamtekea maji mwenzetu anayepimwa?