Mwalimu Aliyerudi Darasani Kusoma Muziki

Wengi wetu hudhani kwamba mtu akiisha kupata cheti cha ualimu, kusoma kwake kumekwisha. Katika muziki fikira hiyo si sawa, na ushahidi mmoja ni Ephraim Amu wa Ghana.

Amu alizaliwa Peki mwaka 1899. Alisomea ualimu katika seminari ya misheni huko Abetifi, na mwaka 1926 akawa mwalimu katika chuo cha Akropong. Alitunga nyimbo za kwaya kwa Kitwi na Kiewe. Katika lugha hizo maana ya neno hutegemea kupanda na kushuka kwa sauti. Kwa hiyo nyimbo za dini zilizofasiriwa na kuimbwa kwa sauti za Ulaya mara nyingi ziliharibu maneno. Amu akaufanya wimbo ufuate sauti ya neno. Alipenda pia mavazi ya kwao hata kanisani, na kwa ajili ya mambo hayo aliondolewa kazini mwaka 1933. Baadaye akafundisha Achimota.

Mwaka 1937, umri wake ukikaribia miaka 40, alikwenda London kusoma katika Royal College of Music. Alikuwa na jina na kwaya, lakini alikubali tena kuitwa mwanafunzi. Aliporudi hakuziacha nyimbo za kwao, na wanafunzi wake aliwafundisha kupiga filimbi za mianzi. Alifariki mwaka 1995.

Je, mwalimu wa kwaya wa leo atakaye kusoma zaidi kupiga kinanda aanzie wapi? Njia moja ni mitihani ya ABRSM, baraza la Uingereza lililoanzishwa mwaka 1889. Ina madaraja 8, na juu yake kuna diploma. Katika mtihani wa kawaida wa kupiga, alama zote ni 150, nazo hugawanywa hivi:

Vipande vitatu, kila kimoja alama 30: jumla 90.
Ngazi za sauti: 21.
Kusoma noti papo hapo: 21.
Kusikia kwa sikio: 18.

Kushinda ni alama 100. Sasa fanyeni hesabu. Mtu aliyekariri vipande vyake bila kosa hata moja, akakosa kila alama ya sehemu nyingine, ana 90 tu: ameshindwa. Tena, kabla ya kufanya daraja la 6, kwa kawaida hana budi awe ameshinda nadharia ya daraja la 5.

Hapo ndipo walimu wengi hukwama, maana tulilelewa kwa do-re-mi na kwa kukariri. Basi, ndugu mliokwisha kutoka shuleni na sasa mnaongoza kwaya, msingoje kupata nafasi ya kwenda ng'ambo. Anzeni na noti, nusu saa kila siku, wala msione haya kuketi pamoja na watoto. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.