Kusawazisha mashini ya kupima uchachu wa udongo

Wakulima wa Fizi na Baraka, mashini hii hupotoka kama mizani ya mnunuzi wa dhahabu, wala haisemi kwamba imepotoka. Ikisema 5 mahali pa 6, utamwaga chokaa bure katika maharagi yako, na chokaa hununuliwa.

Basi kila siku kabla ya kupima, itie kwanza katika dawa ya 7. Ngoja namba itulie, uisawazishe. Uioshe, kisha fanya vilevile katika dawa ya 4. Usiioshe kwa maji ya ziwa: maji ya Tanganyika ni karibu 9, yataharibu dawa kidogo kidogo. Dawa iliyokwisha kutumika usiirudishe chupani.

Ukimaliza, ncha ya kioo ikae katika maji yake ya chumvi. Ikikauka, kesho namba hazitatulia.