Nyumba ya Ndoa Haigawanywi kwa Kung'oa Mabati

Tuchukue mfano wa mume na mke wenye nyumba Busia, upande wa Kenya, na shamba Tororo, Uganda. Wametengana, talaka haijatolewa. Ndugu za mume wamepanda juu kung'oa mabati. Mke amekimbilia kituoni akitaka tumgawie chake.

Sisi polisi hatuna mamlaka ya kugawa nyumba. Chifu hana, mwenyekiti wa LC hana, na wazee wa ukoo, ingawa upatanishi wao tunauthamini, hawana pia. Lililo letu ni kuzuia vurugu. Sheria ya Mali ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2013 inakataza mwenzi kumfukuza mwenzake katika nyumba ya ndoa, ndoa ingali hai, isipokuwa kwa amri ya mahakama. Wala nyumba hiyo haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi.

Wengi hudhani kwamba talaka ni nusu kwa nusu. Sivyo. Mnamo Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kuwa kila mmoja apate kwa kadiri ya mchango alioweza kuuthibitisha. Mahakama ya Juu ya Uganda nayo ilikuwa imeuzingatia mchango katika kesi ya Rwabinumi na Bahimbisomwe, mwaka 2013. Hata hivyo, mchango si fedha pekee: sheria ya Kenya inataja kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kilimo. Mama aliyewapikia mafundi na kulima shamba miaka kumi asiambiwe kwamba hakujenga, kwa kuwa tu jina lake halimo katika hati.

Lakini athibitishe. Risiti za saruji, ujumbe wa fedha zilizotumwa kwa simu, jirani aliyeshuhudia ujenzi: vyote vihifadhiwe mapema, kabla ya ugomvi. (Risiti nyingi tunazoonyeshwa zimekwisha kufifia, heri kuzitoa nakala.)

Mpaka nao una neno lake. Boda boda huuvuka kwa dakika chache. Hukumu haivuki hivyo. Mgogoro wa ardhi huamuliwa na mahakama za nchi ardhi iliko. Kwa hiyo nyumba ya Busia itashughulikiwa Kenya, na shamba la Tororo Uganda, ambako pia Sheria ya Ardhi inadai ridhaa ya mwenzi kabla ya kuuza ardhi ya familia.

Anayetishwa au kupigwa asisubiri mahakama. Aje kituoni siku hiyo hiyo, usiku au mchana.