Jumanne: Waliolala Chini ya Paa Moja

Soma Walawi 13:4–6. Kwa nini kuhani alimtazama mtu zaidi ya mara moja kabla ya kutoa neno la mwisho?

Katika karne ya 19 misafara iliyopita Tabora kati ya pwani na Ujiji ilibeba pembe za ndovu. Ilibeba na ndui, iliyowapata waliotembea na kulala pamoja. Kifua kikuu nacho huenea kwa hewa, kutoka kwa anayekohoa hadi kwa anaoishi nao.

Kwa hiyo mmoja akigundulika, nyumba nzima ichunguzwe, hata wasiokohoa. Walio hatarini zaidi ni watoto wa chini ya miaka 5 na wanaoishi na VVU. Wasipokutwa na ugonjwa, hupewa dawa ya kinga. Katika vituo vya serikali vipimo na dawa ni bure. Lakini nyumba ikinyamaza kwa kuogopa macho ya majirani, mtoto ndiye anayeumia.

Kuhani alisubiri siku saba, akatazama tena. Asiye na ugonjwa akatangazwa safi. Kuchunguzwa si kuhukumiwa.

Tafakari: Kanisa lenu litawasindikizaje jamaa za mgonjwa hadi kituoni bila kuwaaibisha?